Athari za Shinikizo la Juu la Damu kwa Moyo na Ateri za Vijana Balehe: Ufafanuzi wa Kifiziolojia na Kitabibu

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku, mzungumzaji wa Kiswahili husema "presha imempanda" anapomweleza mtu aliyepokea habari mbaya, aliyeghadhibika au aliyeanguka ghafla. Usemi huo unaufanya ugonjwa uonekane kuwa tukio, yaani kitu kinachopanda kwa sababu fulani kisha kikashuka sababu hiyo inapoondoka. Kitabibu hali ni kinyume. Shinikizo la juu la damu ni hali ya kudumu isiyokuwa na ishara za wazi, na madhara yake hayatokani na siku moja ya kupanda bali na miaka mingi ya kutoshuka. Aidha, usemi huo huambatana na imani kwamba presha ni ugonjwa wa wazee. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayelalamikia maumivu ya kichwa hupimwa malaria, huulizwa kama amekunywa maji ya kutosha, pengine hupelekwa kupimwa macho. Ni nadra kufungwa mkanda wa presha mkononi.

Makala hii inafafanua mambo yanayotokea katika moyo na ateri za kijana mwenye umri wa kati ya miaka 13 na 18 anapoishi na shinikizo la juu la damu. Hoja inayoongoza ufafanuzi huu ni kwamba madhara hayasubiri utu uzima. Kijana hapati kiharusi wala moyo wake haushindwi kufanya kazi akiwa kidato cha nne, isipokuwa kwa nadra sana. Lakini mabadiliko yatakayozaa maafa hayo huanza katika umri huo, na baadhi yake yanaonekana kwa vipimo vilivyopo leo.

Kabla ya kuendelea, yafaa kuweka wazi istilahi moja. Neno "mshipa" limebebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili: hutumika kwa mirija ipelekayo damu kutoka moyoni, kwa mirija irudishayo damu moyoni, kwa neva na hata kwa kano. Kwa kuwa shinikizo linalozungumziwa hapa ni la mirija ipelekayo damu kutoka moyoni, na kwa kuwa muundo wa kuta za mirija hiyo ndio kiini cha suala, makala inatumia neno "ateri" kwa maana hiyo pekee.

2.0 Kipimo na mpaka wa ugonjwa

Shinikizo la damu huandikwa kwa tarakimu mbili zinazopimwa kwa milimita za zebaki. Tarakimu ya kwanza, ya sistoli, ni nguvu iliyomo ndani ya ateri moyo unapobana. Ya pili, ya diastoli, ni nguvu inayobaki moyo unapolegea na kujaa damu. Kwa mtoto mdogo hakuna tarakimu moja inayoweza kuitwa mpaka, kwa sababu shinikizo huongezeka kadiri mwili unavyokua. Hivyo mtoto hulinganishwa na watoto wenye umri, jinsia na kimo kama chake, na huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu ikiwa kipimo chake kinafikia au kuvuka kiwango cha asilimia ya 95 ya kundi hilo.

Kwa vijana balehe mambo yamerahisishwa, ingawa si bila ubishi. Mwongozo wa Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani wa mwaka 2017 unawatumia vijana wenye miaka 13 na zaidi tarakimu zilezile za watu wazima: chini ya 120/80 ni kawaida, sistoli ya 120 hadi 129, diastoli ikiwa chini ya 80, ni shinikizo lililoinuka, 130/80 hadi 139/89 ni hatua ya kwanza ya ugonjwa, na 140/90 au zaidi ni hatua ya pili. Mwongozo wa Jumuiya ya Ulaya ya Shinikizo la Damu wa mwaka 2016, kwa upande wake, unaanza kuwatumia vipimo vya watu wazima vijana wa miaka 16 na kuendelea, na unaweka mpaka wa ugonjwa kwenye 140/90. Maana yake ni kwamba msichana wa miaka 17 mwenye 134/82 ni mgonjwa kwa mwongozo mmoja na si mgonjwa kwa mwingine. Tofauti hiyo itarejelewa katika sehemu ya tano, kwa sababu haihusu hesabu tu bali inagusa swali la ni lini hasa ateri huanza kuumia.

Kipimo kimoja hakitoshi kutangaza ugonjwa. Kijana anapaswa kupimwa katika siku tatu tofauti, akiwa ameketi kimya kwa dakika tatu hadi tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu na mkono umewekwa usawa wa moyo. Mkono unaopendekezwa ni wa kulia, kwa sababu itakayoelezwa baadaye. Jambo linaloharibu vipimo vingi ni ukubwa wa mkanda. Sehemu ya mkanda inayojaa hewa inatakiwa iwe na upana wa takriban asilimia 40 ya mzingo wa mkono, na urefu unaozunguka asilimia 80 hadi 100 ya mzingo huo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa tarakimu kubwa kuliko hali halisi; mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba hutoa tarakimu ndogo. Zahanati yenye mkanda mmoja tu wa mtu mzima humhukumu kijana mwembamba kuwa mzima na mwenzake mnene kuwa mgonjwa, kisha jina la mashine ndilo hulaumiwa.

Zaidi ya hayo, wapo vijana ambao shinikizo lao hupanda mbele ya mhudumu wa afya tu, na wapo ambao hali yao ni kinyume: kipimo cha kliniki ni cha kawaida, ilhali nyumbani, shuleni na usingizini shinikizo liko juu. Kundi hili la pili, la shinikizo lililojificha, ndilo linalopaswa kutia wasiwasi zaidi, kwani uzito wa moyo wao hukaribia ule wa wagonjwa waliothibitishwa. Njia ya uhakika ya kuwatambua ni mashine inayovaliwa kwa saa 24, ambayo upatikanaji wake katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki bado ni mdogo.

3.0 Athari kwa moyo

Chumba kinachobeba mzigo mkubwa zaidi ni ventrikali ya kushoto, inayosukuma damu kwenda kwenye aota na kutoka hapo mwilini kote. Kila shinikizo la ateri linapoongezeka, ventrikali hulazimika kubana kwa nguvu zaidi ili vali ya aota ifunguke. Uhusiano huu huelezwa kwa kanuni ya Laplace: mkazo katika ukuta wa chumba huongezeka kwa shinikizo na kwa upana wa chumba, na hupungua kwa unene wa ukuta. Moyo hauna uwezo wa kupunguza shinikizo la ateri peke yake. Kilicho katika uwezo wake ni kuongeza unene wa ukuta, na hivyo ndivyo ufanyavyo.

Unene huo hautokani na kuongezeka kwa idadi ya seli za misuli ya moyo, ambazo baada ya utoto hugawanyika kwa kiasi kidogo mno. Seli zilizopo ndizo hutanuka kwa kuongezewa nyuzi za kubana. Katika hatua za mwanzo jibu hili lina manufaa: mkazo wa ukuta hurudi karibu na kawaida, na kijana hukimbia, hucheza mpira na kupanda ngazi bila kuhisi lolote. Tatizo ni kwamba ukuta ulionenepa unahitaji oksijeni zaidi, ilhali ateri ndogo zinazoulisha hazikui kwa kasi ileile. Sambamba na hilo, homoni za mfumo wa renini na angiotensini, ambazo mara nyingi huwa zimeamshwa katika ugonjwa huu, huchochea seli zizalishazo kolajeni. Nyuzi ngumu za kolajeni hujipenyeza kati ya seli za misuli, na moyo uliokuwa mnene tu unakuwa mnene na mgumu.

Ugumu huo huonekana kwanza wakati wa kulegea, si wakati wa kubana. Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi wa udaktari hulielewa kwa kuchelewa. Mtu akitazama nguvu ya moyo kusukuma damu pekee, kijana mwenye shinikizo la juu huonekana mzima kabisa, pengine mwenye nguvu kuliko wenzake. Lakini ventrikali isiyolegea upesi haijai kwa urahisi. Atiria ya kushoto hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi ili kuijaza, nayo hutanuka kidogo kidogo. Ekokadiografia inayopima mwendo wa damu kupitia vali na mwendo wa ukuta wenyewe inaweza kuonesha dalili hizi kwa vijana ambao hawajawahi kulalamika.

Unene wa ventrikali hupimwa kwa ekokadiografia na kukokotolewa kuwa uzito, kisha uzito huo hugawanywa kwa kimo kilichopandishwa kwa kipeo cha 2.7, ili kijana mrefu asionekane mgonjwa kwa sababu ya urefu wake. Mwongozo wa 2017 unahesabu uzito unaozidi gramu 51 kwa kizio hicho kuwa unene usio wa kawaida kwa wavulana na wasichana waliozidi miaka minane. Umbo nalo lina maana. Ventrikali inaweza kunenepa kuelekea ndani, ukuta ukawa mnene na nafasi ya damu ikabaki ileile au ikapungua. Au inaweza kunenepa huku ikipanuka. Umbo la kwanza huhusishwa zaidi na mzigo wa shinikizo. La pili huonekana sana kwa vijana wenye uzito uliozidi, ambao moyo wao hubeba mzigo wa wingi wa damu pamoja na mzigo wa shinikizo. Kwa watu wazima, umbo la kwanza ndilo lenye mwisho mbaya zaidi.

Ni vijana wangapi hupata unene huu? Katika kliniki za rufaa, tafiti nyingi zimekuta kati ya asilimia 30 na 40 ya watoto na vijana wenye shinikizo la juu tayari wana ventrikali iliyonenepa wanapochunguzwa mara ya kwanza. Tarakimu hizi zichukuliwe kwa tahadhari, kwani anayefika kliniki ya rufaa si mfano wa kijana wa kawaida mtaani. Hata hivyo, maneno "mara ya kwanza" yana uzito wake: ni wagonjwa ambao siku moja kabla ya uchunguzi hawakuwa na habari.

Yafaa kuongeza kwamba kipimo cha umeme wa moyo, ambacho ni rahisi na kinapatikana katika hospitali nyingi za wilaya, hakiwezi kuchukua nafasi ya ekokadiografia katika suala hili. Kwa vijana, kipimo hicho hukosa wengi wenye unene na kuwatangaza wengine wasio nao, na mwongozo uliotajwa unashauri kisitumike kwa lengo hilo. Ushauri huo ni sahihi kisayansi, lakini unamwacha daktari wa wilaya mikono mitupu.

4.0 Athari kwa ateri

Ateri kubwa, hasa aota, si mabomba ya kupitisha damu tu. Ukuta wa aota ya kijana una nyuzi nyingi za elastini zinazotanuka moyo unaposukuma na kujirudi moyo unapolegea. Kwa kufanya hivyo, aota huhifadhi sehemu ya damu ya kila pigo na kuiachia polepole, hivyo mkondo unaofika kwenye figo na ubongo huwa wa taratibu badala ya kupiga na kukatika. Elastini hutengenezwa hasa kabla ya kuzaliwa na katika utoto. Baada ya hapo mwili huitunza tu. Kwa moyo unaopiga mara 75 kwa dakika, ateri hutanuka mara 108,000 kwa siku, na kati ya umri wa miaka 15 na 45 idadi hiyo huzidi bilioni moja. Kila tanuko lifanyike chini ya shinikizo kubwa, nyuzi za elastini huchoka na kukatika mapema, na nafasi yake huchukuliwa na kolajeni isiyonyumbuka. Ni kuzeeka kwa kawaida kulikoharakishwa.

Ugumu wa ateri hupimwa kwa kasi ya wimbi la mpigo, yaani kasi ambayo wimbi la shinikizo husafiri kutoka ateri ya shingo hadi ateri ya paja. Katika ateri laini wimbi huenda polepole, katika ateri ngumu huenda kwa haraka. Kwa vijana wazima kasi hiyo huwa karibu na mita 5 kwa sekunde, na kwa mtu mzima kasi inayozidi mita 10 kwa sekunde huhesabiwa kuwa alama ya madhara. Kijana mwenye shinikizo la juu hafikii 10, lakini huwa mbele ya wenzake wa rika lake.

Kasi ya wimbi si jambo la kuandikwa kwenye faili na kusahauliwa, kwa kuwa ina matokeo kwa moyo. Wimbi linapofika kwenye matawi ya ateri, sehemu yake huakisiwa na kurudi. Ateri zikiwa laini, wimbi la marejeo hufika aotani wakati moyo umekwisha kulegea, na husaidia kusukuma damu kwenye ateri zinazoulisha moyo wenyewe, ambazo hujaa hasa wakati wa diastoli. Ateri zikiwa ngumu, wimbi hurudi mapema, likakuta moyo bado unabana. Hapo moyo hupigana na shinikizo lake mwenyewe lililorejea, sistoli hupanda, na msaada uliotarajiwa wakati wa diastoli hupotea. Kwa hiyo ugumu wa ateri na unene wa moyo si madhara mawili yaliyokaa sambamba. Moja hulisha jingine.

Ateri ndogo hubadilika kwa namna tofauti. Seli za misuli katika kuta zake hujipanga upya kuzunguka tundu dogo zaidi, hivyo uwiano wa ukuta na tundu huongezeka. Kipimo kikishafikia hapo, shinikizo la juu hujiendesha lenyewe: upinzani dhidi ya mkondo wa damu umeongezeka kimuundo, hata kama kilichouanzisha, tuseme chumvi nyingi au msukumo wa neva, kimepungua. Hii ni sababu mojawapo ya kuamini kwamba kuchelewa kutibu kuna gharama isiyoonekana kwenye tarakimu ya siku hiyo.

Ndani kabisa ya kila ateri kuna utando wa safu moja ya seli, unaoitwa endothelia. Utando huu hutoa oksidi ya nitriki, inayolegeza misuli ya ukuta na kuzuia chembe za damu kugandana. Chini ya shinikizo la juu uwezo huo hupungua. Njia inayotumiwa kuupima kwa vijana ni kuziba mkondo wa damu mkononi kwa dakika tano, kuuachia, kisha kutazama kwa picha za mawimbi ya sauti jinsi ateri inavyopanuka. Endothelia iliyodhoofika hupanua ateri kwa uchache, na pia huruhusu chembe za kolesteroli kupenya na kukaa chini ya utando.

5.0 Ushahidi kutoka kwa waliokufa na kutoka kwa waliofuatiliwa

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mafuta kwenye ateri ni habari ya watu wa makamo. Uchunguzi wa maiti za vijana uliibadili dhana hiyo. Huko Bogalusa, mji mdogo wa jimbo la Louisiana nchini Marekani, Gerald Berenson na wenzake walianza mwaka 1973 kuwafuatilia watoto wa mji mzima, Weusi na Weupe. Baadhi yao walipofariki, wengi kwa ajali, ateri zao zilichunguzwa. Ripoti ya mwaka 1998 ilihusu watu 204 waliofariki wakiwa na umri wa miaka 2 hadi 39, na 93 kati yao walikuwa na vipimo vilivyochukuliwa wakiwa hai. Kiasi cha michirizi ya mafuta na vibonge vigumu katika aota na ateri za moyo kilihusiana na uzito, kolesteroli, na shinikizo la sistoli na la diastoli. Na vihatarishi vilipokusanyika kwa mtu mmoja, madhara yaliongezeka sana.

Utafiti mwingine wa Marekani, uliochunguza takriban maiti 2,900 za watu wa miaka 15 hadi 34, ulikuta michirizi katika aota za vijana wote wa miaka 15 hadi 19. Marehemu hao hawakuwa na kumbukumbu za presha, na namna watafiti walivyovuka kikwazo hicho inastahili kutajwa: walipima unene wa ateri ndogo za figo, wakautumia kukadiria ni nani aliishi na shinikizo la juu. Ilibainika kwamba mchango mkuu wa shinikizo si kuanzisha michirizi bali kuharakisha michirizi iliyopo kugeuka kuwa vibonge vilivyoinuka, hasa kuanzia miaka ya ishirini. Kwa maneno mengine, kolesteroli huandaa na shinikizo hukamilisha.

Ushahidi wa waliofuatiliwa wakiwa hai umetoka zaidi Ufini, ambako watoto wa miaka 3 hadi 18 walianza kuchunguzwa mwaka 1980. Mwaka 2003 ilioneshwa kwamba shinikizo la sistoli la umri wa miaka 12 hadi 18 lilihusiana na unene wa ukuta wa ateri ya shingo katika utu uzima, hata baada ya kuzingatia vihatarishi vya utu uzima wenyewe. Baadaye kundi la Ufini, la Bogalusa na mengine ya Marekani na Australia yaliunganishwa. Ripoti ya mwaka 2022, iliyohusu washiriki 38,589, ilihusisha vihatarishi vitano vya utotoni, shinikizo la sistoli likiwemo, na vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa utu uzimani. Nchini Sweden, vijana wa kiume zaidi ya milioni moja waliopimwa wakiandikishwa jeshini wakiwa na umri wa takriban miaka 18 walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 24. Vifo viliongezeka kwa waliokuwa na diastoli inayozidi 90.

Kuhusu mpaka wa ugonjwa, utafiti uliofanywa Marekani chini ya uongozi wa Elaine Urbina ulikuta madhara katika moyo na ateri za vijana ambao shinikizo lao halikufika kiwango cha asilimia ya 95. Madhara yalipanda polepole pamoja na shinikizo. Hapakuwa na ngazi ambayo chini yake kijana yu salama na juu yake yu hatarini. Kwa msingi huo mwandishi anaona mpaka wa 130/80 unakaribia ukweli wa kifiziolojia kuliko 140/90, ingawa hakuna mpaka unaoweza kuusema ukweli huo wote.

Upande wa pili wa hoja haupaswi kufunikwa. Ushahidi mwingi uliotajwa ni wa uhusiano, si wa majaribio. Kikosi Kazi cha Huduma za Kinga cha Marekani kilitamka mwaka 2013, na tena mwaka 2020, kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza au kukataa kuwapima presha watoto na vijana wote wasio na dalili. Aidha, wavulana warefu na wembamba wanaweza kuwa na sistoli kubwa mkononi ilhali shinikizo la aotani ni la kawaida, kwa sababu ateri zao laini hulikuza wimbi linapoelekea mkononi. Kumwita kijana wa namna hiyo mgonjwa ni kumtwika jina asilostahili, na jina la ugonjwa kwa mtu wa miaka 15 si jambo jepesi. Hoja hizi zinadai vipimo vya marudio na uangalifu. Hazihalalishi kutopima.

6.0 Hali katika mazingira ya Afrika Mashariki

Mapitio ya tafiti za Afrika yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikadiria kwamba asilimia 5.5 ya watoto na vijana wa bara hili wana shinikizo lililofikia kiwango cha asilimia ya 95, na wengine asilimia 12.7 wako katika ngazi iliyo chini yake kidogo. Miongoni mwa wanafunzi wa shule za msingi waliochunguzwa Dar es Salaam, takriban asilimia 15 walikutwa na shinikizo lililo juu ya kawaida. Tafiti za aina hii mara nyingi hupima kwa siku moja, hivyo idadi ya wagonjwa wa kweli huwa ndogo kuliko hiyo. Hata ikigawanywa kwa tatu, bado ni watoto wawili au watatu katika darasa la wanafunzi 50.

Sababu zinachanganyika. Kwa kijana mwenye uzito uliozidi, ugonjwa huwa na asili ileile ya watu wazima. Chumvi haitoki mezani tu. Hutoka pia langoni mwa shule, kwenye embe bichi na muhogo wa kuchoma vilivyopakwa chumvi na pilipili, na kwenye chipsi. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo huanza maisha na vichujio vichache vya figo, na baadaye hushindwa kutoa chumvi kwa wepesi. Kwa vijana wengine chanzo ni ugonjwa mahususi: figo zilizoumia, ateri ya figo iliyosinyaa, au aota iliyobanwa baada ya tawi la kwenda mkono wa kushoto au karibu nalo. Katika hali hii ya mwisho mkono wa kulia huonesha shinikizo la juu, miguu huonesha la chini, na mkono wa kushoto unaweza kudanganya. Ndiyo maana mkono wa kulia hupendekezwa. Kupapasa mpigo wa paja hakugharimu chochote, na kijana asiye na mpigo huo anahitaji upasuaji au upanuzi wa aota, si vidonge pekee.

Kundi moja linahitaji kutajwa peke yake. Vijana wenye selimundu, ambao Tanzania inao wengi, kwa kawaida wana shinikizo la chini kuliko wenzao. Kipimo cha 125/78 kinachoonekana chepesi kwa mwingine, kwao kinaweza kuwa ishara ya figo zinazoumia. Majedwali yanayotumika hayakuwatengenezewa wao.

7.0 Je, madhara hurudi nyuma?

Swali hili ndilo linaloamua kama kugundua mapema kuna faida. Mchanganuo wa makundi ya Ufini, Marekani na Australia uliochapishwa mwaka 2013 ulionesha kwamba waliokuwa na shinikizo la juu utotoni lakini wakawa na shinikizo la kawaida utu uzimani walikuwa na hatari ndogo ya ukuta mnene wa ateri ya shingo kuliko waliobaki nalo. Huko Warsaw, vijana waliotibiwa kwa mwaka mmoja walipungua uzito wa ventrikali na unene wa ukuta wa ateri, na kilichoambatana zaidi na nafuu hiyo kilikuwa kupungua kwa mzingo wa kiuno, si aina ya dawa. Misuli iliyonenepa hupungua kwa miezi. Kolajeni huondoka kwa shida, na elastini iliyokatika haitengenezwi upya. Tofauti hiyo ya vitu vitatu inaeleza kwa nini miaka ya mwanzo ina thamani ya pekee.

Matibabu huanza na chakula chenye chumvi kidogo na mboga nyingi, pamoja na mazoezi ya dakika 30 hadi 60 kwa siku tatu hadi tano za wiki. Kijana aliye katika hatua ya pili huzuiwa kwa muda michezo ya kubana misuli kwa nguvu, kama kunyanyua vyuma, hadi shinikizo litulie; haizuiwi kutembea wala kucheza. Lengo kwa wenye miaka 13 na zaidi ni chini ya 130/80. Dawa huhitajika iwapo mabadiliko hayo hayakutosha, iwapo moyo umekwisha kunenepa, iwapo shinikizo linaambatana na dalili, kisukari au ugonjwa wa figo, au iwapo kijana yuko katika hatua ya pili bila sababu inayoweza kurekebishwa kama unene.

Dawa zinazozuia angiotensini, kama enalaprili na losartani, hufaa zaidi penye ugonjwa wa figo, na mantiki yake inaonekana kutokana na nafasi ya homoni hiyo katika kuzalisha kolajeni. Lakini dawa hizo huharibu figo za mtoto aliye tumboni. Msichana wa miaka 16 anapoandikiwa, daktari analazimika kumwuliza, akiwa peke yake na kwa lugha ya staha, kuhusu uwezekano wa ujauzito na njia za kuuzuia, na kumweleza aache dawa na arudi kliniki mara akikosa hedhi. Mzazi aliyemleta binti yake kwa ajili ya "presha" huwa hakutarajia mazungumzo hayo, na wahudumu wengi huyaruka. Penye shaka kwamba yatafanyika, amlodipini ni chaguo la busara zaidi la kuanzia.